Buluu ya Kunguru

Jumapili, 3 Septemba

Nimewasha moto leo, tena mwenyewe. Wacha uwake.

Baada ya ibada tulikaa kikao cha kanisa. Kahawa, chapati za maji za wifi yangu Dagrún, na mwenyekiti wetu Mzee Ásgrímur na katalogi yake kutoka Denmark. Habari yenyewe ni shuka ya kufunikia majeneza. Bonde zima lina moja tu, na imemfunika kila aliyekufa hapa tangu kabla ya bibi yangu kuzaliwa, mwenye kondoo mia na asiye na hata mmoja. Tunaiita Buluu, basi. Majira ya baridi yaliyopita paa la kanisa lilivuja na Buluu ikaoza kwa ukungu. Inatakiwa mpya. Ásgrímur ameshachagua: poliesta, samawati, inafuliwa kwa mashine. "Haichuji wala haikunjamani," anasema, utadhani anasifia bibi harusi!

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Macho yake siku hizi yanajua mwanga na giza tu, basi nikadhani amesinzia. Kumbe! "Nielezeni hiyo rangi," akasema. Wakamweleza. "Hiyo ni blanketi ya mtoto mchanga. Mimi siendi kaburini na blanketi ya mtoto."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema alipokuwa msichana Buluu ilikuwa nyeusi kama kunguru, mpaka uitoe juani ndipo uone buluu imelala ndani. Ásgrímur akamjibu kwa upole, lakini ule upole unaochoma: "Mama Arnfríður, umri huo kumbukumbu zinachanganyika. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Ilikuwa rangi ya anga."

Hapo nikasimama. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa Reykjavik naandika kamusi ya asili ya maneno, na neno lililonikaa kooni ni hilihili la buluu, kwa Kiaisilandi chetu *blár*. Nikawaambia: watu wa kale walipolitamka hawakuwa wanatazama angani. Walilisema juu ya kunguru, juu ya bahari yenye kina, juu ya alama ya kipigo. Hata watu wa Afrika waliwaita kwa neno hilo, watu wa buluu. Sasa niambieni, nani amewahi kumwona Mwafrika wa rangi ya anga?

"Haya, Mama Kamusi ameanza," Ásgrímur akasema. Wakaangua kicheko. Nikasema nitaitia rangi shuka mpya kwa mikono yangu, kwa njia ya mabibi zetu: nili, ile rangi ya mmea, ndani ya mkojo uliochacha.

Dagrún akadakia: "Mkojo wa nani, wifi?"

"Wenu," nikasema.

Wamenipa mpaka siku ya kwanza ya majira ya baridi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Nikishindwa, poliesta. Sishindwi.


Jumatatu, 4 Septemba

Kitambaa kipo! Mama alinituma kwenye kasha lake, chini ya mashuka. Alikifuma mwenyewe wakati bado anaona, sufu ya wale kondoo wake wa hudhurungi iliyokolea, kizito, kimekazwa vizuri hadi maji yanateleza. Hakukitia rangi. "Nilijua kitahitajika," akasema, na hakutaka maswali zaidi.

Akanipa na mtihani wake. Unyoya wa kunguru. Unakilaza kitambaa kwenye dirisha la jikoni, taa zimezimwa, unaweka unyoya juu. Macho yakiuona unyoya, rangi bado. Macho yakiutafuta yakaukosa, rangi imefika. Hivyo ndivyo bibi yake alivyokuwa akipima.

"Ikifika niambie," akasema, "nami nifunge virago."

Nikamwambia aache maneno hayo. Akacheka kicheko chake cha puani. Lakini mimi najua kwa nini nimeomba likizo kazini, naye anajua kwamba najua. Daktari wa kituo cha afya alituambia tangu Julai: moyo umechoka, msimhesabie Krismasi. Basi. Nataka aende chini ya ile aliyoiona akiwa msichana. Si chini ya kitu cha katalogi. Hilo tu ndilo nalitaka, na nitalipata.


Jumamosi, 9 Septemba

Siku ya kuwashusha kondoo mlimani. Bonde zima zizini, matope hadi magotini, kila mtu anamkokota kondoo wake kwa pembe. Nikasimama langoni na pipa jeupe.

Kaka yangu Kolbeinn alipanda juu ya ukuta wa mawe akatangaza: "Jamani! Dada yangu amesoma miaka ishirini ili aje kuwaomba mikojo! Msimwangushe!" Sikujua nicheke au nimrushie tope. Lakini wakaleta! Chupa za soda, chupa za maziwa, dumu zima kutoka shamba la mwisho kule juu. Mama mmoja aliniletea kwa birika la chai, eti hakupata chombo kingine. Wanaume waliokunywa tangu asubuhi walichangia palepale nyuma ya ukuta huku wakiimba. Sauti nzuri, kwa kweli.

Ásgrímur hakuchangia. Alipita na kondoo wake bila kunisalimia.

Potelea mbali. Pipa limejaa.


Alhamisi, 14 Septemba

Pipa liko chumba cha kufulia, limeegemea bomba la maji ya moto yanayotoka ardhini. Linatakiwa joto la mwili wa mtu, mchana na usiku. Nili nimeisaga, nimeifunga kwenye mfuko wa kitambaa, nimeichovya. Nimeweka nusu tu. Nusu nyingine kabatini, kwa dharura.

Harufu! Machozi yananitoka. Kolbeinn anapitia dirishani kuingia ndani mwake mwenyewe ili asikatize pale. Ni Dagrún tu anayenivumilia, naye ni kwa sababu mafua yamemziba pua kabisa. "Sisikii chochote, wifi," anasema, "hata wewe mwenyewe sikusikii." Mchokozi huyu!

Mama anauliza kila asubuhi limefikia wapi. Namweleza. Povu, rangi ya maji, kila kitu. Anakunja uso anasikiliza kama anasikiliza habari za redio.


Jumatano, 20 Septemba

Reykjavik, siku mbili. Sikutaka kuja lakini wenzangu wa kamusi wanadai kurasa zangu. Nimeacha maagizo: pipa lisiguswe.

Kikao chote ni juu ya lile neno. Njia yake ya juu naijua kama njia ya nyumbani. Makabila ya Kijerumani ya kale yalikuwa nalo yote, kusini hadi huku kwetu. Wafaransa wakalichukua kwa Wafranki, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa, na leo dunia nzima inavaa neno la mabibi zetu bila shukrani. Sawa. Lakini chini zaidi, kwenye mzizi, ndipo ninapokwama. Ndugu yake wa Kilatini, yule wanaomtaja wataalamu wengi, maana yake ni njano. Njano! Nywele za dhahabu, ngano iliyoiva. Mzizi mmoja unazaaje ngano huku na kunguru kule?

Wenzangu wanasema andika "haijulikani kwa hakika" tuendelee, kamusi ina maneno mengine. Nimeandika, shingo upande. Nimeifuta mara mbili, nikaiandika tena. Ni kweli haijulikani. Ila inaniuma.

Kesho kutwa nyumbani.


Ijumaa, 22 Septemba

Sijui nianze kucheka au kulia. Niandike kwa mpangilio.

Basi lilichelewa, nikashukia moja kwa moja kanisani, kikao kimeshaanza. Ásgrímur amesimama anaomba tuagize ile ya Denmark sasa hivi, maana "Mama Kamusi na pipa lake hawatufikishi popote." Kisha akafungua mdomo vizuri kutamka "samawati safi" na mimi nikaona ulimi wake.

Buluu. Buluu iliyokolea! Na midomo, kwa pembeni. Nikamtazama Kolbeinn, Kolbeinn anatazama viatu vyake, mabega yanatetemeka. Kila mtu ameona na hakuna aliyethubutu kusema. Mama peke yake hakuona, masikini, akauliza kwa nini watu wanakohoa. Kikao kikaahirishwa. Hakuna aliyeweza kumalizia sentensi.

Njiani namuuliza Dagrún, Ásgrímur amekula nini? "Kwetu," anasema kwa fahari. "Alipitia mchana, nikamkatia soseji ya damu ya mwaka huu. Akala vipande vitatu. Akasema hii ndiyo ladha ya zamani, imekolea ukali, siku hizi watu hawajui kuchachusha."

Ya mwaka huu? Soseji za mwaka huu zimechemshwa juzi tu! Zinalazwa kwenye maji makali ya mtindi hadi Februari ndipo ziwe na ukali wa kusifiwa. Nikakimbia ghalani.

Mapipa mawili meupe, mifuniko ileile, yametoka kiwanda kimoja cha maziwa. Kolbeinn alisogeza langu kutoka chumba cha kufulia Jumatano kwa sababu wageni wa kuchinja walikuwa wanakuja na aliona aibu ya harufu. Akaliweka kando ya pipa la mtindi. Na Dagrún, pua imeziba, taa ya ghala imeungua, amezipanga soseji zake zote, za damu na za ini, ndani ya mkojo wangu, akaona maji hayazifuniki, akaongeza ndoo mbili za maji ya mtindi.

Ya damu ni nyeusi, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Angemkatia ya ini, wangeona buluu kwenye sahani. Ladha ya zamani!

Nimecheka hadi nimekaa sakafuni. Kisha nikachungulia pipa.


Jumamosi, 23 Septemba

Limekufa. Nimelipasha moto tena, nimekoroga, nimeomba. Mkojo uliochacha una ukali wa magadi. Maji ya mtindi yana ukali wa ndimu. Ukivichanganya vinauana. Nili yote imezama chini kama matope, na juu yake zinaelea soseji.

Nimelia, sisemi uongo. Dagrún naye amelia. "Wifi, nipige," anasema, "chukua mwiko unipige." Nitakupigia nini, wewe mtu? Umechemsha soseji siku mbili na homa juu. Kolbeinn ndiye wa kupigwa. Amejificha kwa kondoo.

Mama alitusikia. Nikamwambia ukweli wote, hadi ulimi wa Ásgrímur. Alicheka mpaka nikaogopa, midomo ikampauka, nikamshika mgongo. Alipopata pumzi akauliza, "Nili ya akiba ipo?"

Ipo, Mama.

"Basi unalilia nini? Watu hawajaacha kukojoa."

Nimejikaza kisabuni. Nimeosha pipa kwa maji ya moto. Kesho naanza kuzunguka nyumba hadi nyumba.


Jumanne, 26 Septemba

Nyumba zote zimekubali. Wananicheka na wanakubali. Hadithi ya soseji imenitangulia kila mlango, ila kwa Ásgrímur mwenyewe hakuna aliyeifikisha. Imebaki nyumba yake.

Nikajipa moyo nikaenda. Amenikaribisha jikoni, kahawa, biskuti kavu za dukani. Nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake, safi kupita kiasi. Nikamwambia mara moja kabla sijaogopa: Mzee, Ijumaa ile, soseji ile. Nikaeleza. Akaenda kwenye kioo cha ukumbini, akatoa ulimi, akarudi.

"Bonde zima lilikuwa na habari?"

"Tangu Ijumaa."

"Na wewe ulikaa kimya ukanitazama."

"Ndiyo. Samahani." Ni kweli nilikaa kimya. Nilifurahi pia, tusidanganyane.

Nilitegemea anifukuze. Badala yake akakaa, akawa anazungusha kikombe. Kisha akasema, bila kunitazama: "Unanifanya mimi mwongo, Steinvör. Mimi sijasema uongo. Nilisimama kando ya jeneza la Jórunn. Nilishika pindo la ile shuka kwa mkono wangu huu, kwa sababu sikujua nishike nini. Ilikuwa rangi ya anga. Siku ile nayo kulikuwa na anga kama ile. Nyinyi mnakuja na kunguru wenu."

Ah. Mjinga mimi! Kumbe ni mkewe. Wakati wote huu nadhani tunabishana juu ya rangi.

Nikamwambia ninavyoamini. Shuka ilitandikwa miaka yote juu ya benchi lile la kanisani, chini ya dirisha la kusini. Jua limeikula polepole. Mama aliiona mwanzo wake, yeye aliiona mwisho wake. Ni shuka ileile. Na hii nitakayoitia mimi nayo jua litaila. "Wajukuu wa wajukuu wataiona rangi yako, Mzee. Lakini lazima ianzie kwa kunguru, la sivyo haifiki kwa anga. Ile poliesta itabaki vilevile siku zote. Haina pa kwenda."

Alinisindikiza hadi mlangoni. Sijui.


Alhamisi, 28 Septemba

Asubuhi nimekuta dumu mlangoni. Limejaa, limefungwa vizuri, limefutwa hata vumbi. Juu ameandika kwa kalamu nene: SI YA KULA.


Jumatatu, 9 Oktoba

Limeamka! Juu ya pipa kumetanda ngozi nyembamba inayong'aa kama shaba, na ukiipuliza, chini maji ni ya kijani cha manjano. Ndivyo inavyotakiwa. Dagrún ameandika kwenye mapipa yote ya nyumba hii kwa rangi nyekundu, hata pipa la chakula cha mbwa.

Nikajaribu kwanza kwa kipande cha sufu nyeupe. Nikakizamisha, nikasubiri, nikakitoa.

Njano. Kimetoka njano! Njano ya ngano, mbichi, inadondosha. Nikakiinua hewani, na kikaanza kugeuka mkononi mwangu. Pindo kwanza, kijani, kisha buluu ikapanda kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Muda wa kuvuta pumzi chache. Nimesoma juu ya jambo hili mara nyingi, naweza kukueleza hewa inafanya nini na nili. Lakini kulishika!

Nimekaa juu ya ndoo nikaitazama sufu ile kwa muda mrefu. Huku ngano, kule kunguru. Najua, najua, si ushahidi. Neno ni la zamani kuliko tunavyoweza kufika, na hakuna aliyetuachia andiko la kusema kwamba mabibi walisimama juu ya pipa wakaipa njano na buluu mzizi mmoja. Nikiipeleka kwenye kamusi wenzangu watanicheka hadi Pasaka. Siipeleki. "Haijulikani kwa hakika" inabaki palepale nilipoiandika.

Lakini haiumi tena.

Nikampelekea Mama, nikamwekea mkononi. "Kilitoka njano," nikamwambia. "Kinatokaga njano," akasema. "Sikukuambia?" Hukuniambia, Mama! "Nilidhani unajua, mtu umesoma."


Jumapili, 15 Oktoba

Siku mbaya. Mama hakuweza kukaa. Miguu imevimba, pumzi fupi. Daktari amekuja nyumbani, ameongeza dawa moja, ameondoa tatu. Dawa zinapoondolewa kila mtu anaelewa. Tumehamishia kitanda chake jikoni, chini ya dirisha, kwa sababu anataka kusikia watu.

Kolbeinn amekaa naye mchana wote anamsomea majina ya kondoo, nani ana mimba, nani wa kuchinjwa. Mama anamkosoa bado.

Daktari hakutaja siku na mimi sikuuliza. Naendelea na kitambaa.


Jumatano, 18 Oktoba

Leo kimeingia kitambaa chenyewe. Kizito! Tumekishika watatu, mimi, Dagrún na — nani angeamini — Mzee Ásgrímur, amekuja na glavu zake za kuvulia samaki. Anasema hana imani na sisi karibu na mapipa. Dagrún, mafua yamepona sasa, anajibu, kitambaa puani: "Mzee, ukisikia njaa sema tu, tukukatie kipande." Amevumilia. Nilimwona anatabasamu kwa upande.

Tumechovya mara mbili, tumekianika kwenye bomba. Juu ya sufu ile ya hudhurungi buluu haionekani kama buluu, inakuwa uzito tu, inazidi kwenda ndani. Jioni dirishani, unyoya juu yake. Unaonekana. Mbali bado.

"Imefika?" Mama, kutoka kitandani.

"Bado, Mama. Unyoya unaonekana wazi."

"Rudisheni."


Jumamosi, 21 Oktoba

Tumechovya tena. Unyoya unaonekana, lakini sasa unaona kingo zake tu. Nimemwambia hivyo hivyo. Namwambia kila kitu kilivyo, ndivyo alivyotulea. "Kingo tu," amerudia. Ameridhika.

Hajala tangu jana. Maji kwa kijiko.

Dagrún amenivuta ghalani. "Wifi, unaona anachofanya? Anaisubiri hiyo rangi." Nikamwambia usiniletee mambo ya kizee. "Sawa," akasema, "lakini kila ukisema bado, anaomba maji."

Nimerudi kwenye pipa. Nimekoroga kwa nguvu. Wiki moja imebaki, na siachi katikati.


Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua ya barafu. Nimechovya peke yangu. Karibu sana. Lazima niinamishe kichwa ndipo nione unyoya ulipo.

"Bado kidogo, Mama."

Akaomba maji.


Jumanne, 24 Oktoba

Tumechovya alfajiri, sote watatu. Kikatoka njano chafu ya kijani, kikageuka mikononi mwetu, Ásgrímur akasema "tazama, tazama" kana kwamba hajaiona juzi. Tumekisuuza mara nyingi. Kimekauka saa za mchana.

Nikakitandaza dirishani, miguuni pa kitanda chake. Taa zimezimwa. Nikaweka unyoya. Nikageuka kuchukua miwani mezani.

Niliporudi haukuwepo.

Nilidhani umeanguka. Nikatazama sakafuni. Nikapapasa kwa kidole na nikaugusa — upo palepale nilipouweka. Macho yangu hayauoni. Kisha wingu likasogea, jua la mchana likaingia kwa pembeni, na kitambaa kizima kikafunguka, buluu, chini kabisa, imelala ndani kama alivyosema. Ásgrímur alivua kofia. Dagrún aliniminya mkono hadi ukaniuma.

"Steina," Mama akaita. Sauti ndogo sana leo. "Mbona kimya? Imefika?"

Nimegombana na dunia nzima kwa ajili ya rangi hii. Nimemwita mtu mzima mwongo mbele ya kanisa. Nimeyafuta mara mbili maneno matatu ya kamusi, "haijulikani kwa hakika", kwa sababu hayakunitosheleza. Sijawahi kusema juu yake kitu ambacho si kweli.

"Bado, Mama," nikasema. "Unyoya unaonekana. Kesho tutachovya tena."

Ásgrímur ametazama dirishani. Dagrún amekwenda kuleta maji bila kuombwa.

Mama amenyoosha mkono, nikampa pindo. Amelipapasa kwa kidole gumba, kwenda na kurudi, anavyopapasa sufu siku zote. Akalivuta hadi kifuani.

"Haya," akasema. "Kesho basi."

Maji ameyanywa, vijiko viwili. Naandika nimekaa kando yake. Pindo hajaliachia.